Televisheni Iliyowaka Hadi Penalti ya Mpasi

TOKA KILIMANI
Na Béatrice Uvoya, Bule

Mavuno yakipata bei nzuri, au kijana wa nyumba akirudi na pesa kidogo kutoka Mongbwalu, ugomvi uleule huanza katika nyumba nyingi za hapa: tununue televisheni gani? Baba anataka ile kubwa aliyoiona dukani Bunia, yenye jina linalojulikana, ambayo mgeni akiingia ataiona kabla ya kuona watu. Mama anataka ya bei ya chini ili pesa zinazobaki ziende shule. Kijana anasema tusubiri, mwakani bei zitashuka. Mimi niko upande wa mama, ingawa si kwa sababu anazotoa mama.

Nianze kwa kuitendea haki ile ya ghali. Kwenye televisheni ya OLED, kila nukta ya kioo hutoa mwanga wake yenyewe, na nukta isiyohitajika huzimika kabisa. Filamu ikionyesha usiku, unaona usiku. Zile za kawaida za LED zina taa nyuma ya kioo ambazo huwaka muda wote. Kioo hujitahidi kuzizuia, mwanga huvuja, na nyeusi hugeuka kijivu. Tofauti hiyo ni ya kweli na jicho lolote huiona. (QLED ni jambo jingine: ni LED ileile iliyowekewa tabaka la kuboresha rangi. Wengi wamelipa bei ya QLED wakidhani wamebeba OLED, na muuzaji hakuona haja ya kuwasahihisha.) Mtu anayekaa Brussels au Dubai, ambako umeme uko ukutani mchana na usiku, ana haki ya kuchagua kwa kutazama picha tu.

Bule hatuna ukuta wa namna hiyo. Kituo cha Budana, kile cha umeme wa maji walichojenga Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto, waya zake hazifiki kwetu. Umeme wetu tunautengeneza wenyewe, nyumba kwa nyumba: paneli juu ya bati, betri chini ya meza, na kwa mwenye uwezo, jenereta inayokunywa mafuta yaliyopanda mlima kwa pikipiki. Kwa hiyo anayeniuliza juu ya televisheni mimi humuuliza kwanza juu ya betri.

Chukua betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwa hesabu ya shule ina wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi na asidi ukiikausha zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo mtu mwenye akili anahesabu 600. Ikiwa imeshatumika miaka miwili au mitatu, na maji yake hayakuwa yakiangaliwa, tuseme imebaki 300. Betri nyingi za hapa ziko katika hali hiyo, tukisema ukweli.

Sasa weka televisheni ya inchi 32 inayokubali volti 12 moja kwa moja. Inakula wati 35 hivi, na dekoda wati 15. Jumla 50. Betri ile iliyochoka itaiwasha saa sita. Weka badala yake ya inchi 65 ya daraja la juu: wati 150, dekoda 15, na kwa kuwa haikubali volti 12 unahitaji inveta, ambayo nayo hula sehemu yake. Unakaribia wati 190. Betri ileile itakwisha baada ya saa moja na nusu na dakika chache.

Jaribu hesabu hiyo kwa usiku ambao kila Mkongomani anaukumbuka. Tarehe 28 Januari 2024, Leopards, timu yetu ya taifa, walicheza na Misri huko San-Pédro, Kombe la Afrika, mechi ya mtoano. Ilianza saa nne usiku kwa saa zetu. Ikafika sare ya bao 1 kwa 1, ikaenda muda wa nyongeza, ikaenda penalti, na penalti zenyewe zikafika mpaka makipa wakapigiana. Kipa wa Misri akagonga mwamba. Kipa wetu, Lionel Mpasi, akaweka mpira, akafunga, tukashinda 8 kwa 7. Ilikuwa imeshapita saa sita na nusu ya usiku. Mwenye inchi 65 na betri iliyochoka, picha ingemkatikia dakika ya 80 hivi. Angeusikia ushindi kwa kelele za jirani. Mwenye inchi 32 angemwona Mpasi, na baadaye angebaki na moto wa kuchaji simu ili ampigie ndugu aliye Kampala.

Kwangu mimi, televisheni bora ni ile iliyokuwa bado inawaka penalti ile ilipopigwa. Mengine yote tunaweza kubishana.

Watu wataniambia: basi nunua betri kubwa, nunua paneli nne. Sawa, na hapo ndipo ninapotaka tufike. Tuseme una dola 600. Anayezimwaga zote kwenye kioo amenunua kitu cha kufunika kwa kitambaa. Anayetoa 120 kwa inchi 32, na nyingine kwenye betri mpya, paneli na kidhibiti chaji kizuri, amenunua televisheni, taa za watoto kusomea, na pengine biashara ndogo ya kuchaji simu za mtaa. Paneli moja ya wati 100 siku njema hapa kwetu inaleta kama wati-saa 400. Wakati wa mvua, wingu likishuka mlimani asubuhi likakaa, usiitegemee hata nusu yake. Kioo kikubwa hakijui kwamba ni msimu wa mvua.

Tena kioo kikubwa kitaonyesha nini? Hili wauzaji hawapendi liulizwe. 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, lakini nukta hizo lazima zitoke mahali. Chaneli nyingi tunazopata kwa dishi, iwe Canal+ au StarTimes, zinakuja na picha ya HD au ya chini ya hapo. Filamu tunazonakiliwa sokoni kwenye flashi zimebanwa mpaka mtu akikimbia anaacha vivuli. Na nusu ya utamu wake uko kwenye sauti ya anayetafsiri juu yake, kazi aliyoifanya Lufufu kule Dar es Salaam na anayoifanya VJ Jingo Kampala. Sauti hiyo haina 4K. Hata ungekuwa na picha safi kabisa, jicho lina mpaka wake: kwenye inchi 55, mtu aliyekaa mbali zaidi ya mita mbili na kidogo hawezi tena kutofautisha Full HD na 4K. Sebule iliyojaa jirani, wangapi wanakaa karibu kuliko hapo? Watoto tu, nao wanatazama wakiwa chini, shingo juu.

Neno «smart» kwenye boksi lisikutoe pesa. Smart bila intaneti ni televisheni ya kawaida yenye rimoti ya vitufe vingi, na kwa bei ya megabaiti zetu hakuna anayetazama sinema kwa bando la simu mpaka mwisho.

Kuna kipimo kingine, nacho ni kilo. Ya inchi 32 ina kilo 4 au 5. Msichana wa sekondari anaifunga kwa shuka na kutembea nayo. Ya inchi 65 inapita kilo 20, upana wake unakaribia mita moja na nusu, na haitaki kulazwa. Tangu vita viliporudi hapa kwetu Djugu mwisho wa 2017, hatuhitaji kuelezwa kwa nini uzito wa mali ni jambo la kufikiriwa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2022 wanamgambo wa CODECO waliivamia kambi ya Plaine Savo, hapa jirani, na watu wapatao 60 wakauawa, watu ambao tayari walikuwa wamekimbia mara moja. Sisemi mtu akimbie na televisheni. Watu hukimbia na watoto. Nasema kwamba familia ikihamia kwa ndugu Bunia wiki mbili au miaka miwili, inauza kitu. Inchi 32 inapata mnunuzi siku ileile, kwa bei inayoeleweka. OLED itakaa juu ya meza ya dalali mpaka mwenyewe aikubali bei ya kutupa.

Na kuhusu picha yenyewe, nacheka kidogo nikisikia kwamba kioo kidogo «hakionyeshi vizuri». Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire huko Abidjan, wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaweka vidole viwili kwenye kichwa mfano wa bastola. Walikuwa wanaiambia dunia juu ya mauaji ya mashariki na kimya kinachoyafunika. Tulifungwa bao 1 kwa 0, Haller. Ishara ile ilionekana kwenye kila kioo cha Ituri, kikiwemo kile chenye mstari wa kijani pembeni.

Hata hivyo sitetei kila kitu cha bei ya chini. Msemo kwamba rahisi ni ghali unapata ukweli wake kwenye bidhaa zinazotufikia kutoka Kampala, kwa Mahagi au kwa mashua za ziwa Albert hadi Tchomia, kwa sababu televisheni ikishavuka hapo, garanti ni karatasi. Hakuna atakayeirudisha. Kwa hiyo kagua kabla ya kulipa. Geuza televisheni usome chapa ya nyuma: wati ngapi, na je, ina tundu la DC 12V? Boksi likisema 4K na kioo ni inchi 32, karibu kila mara boksi linadanganya. Nyingi za ukubwa huo zina nukta 1,366 kwa 768, na hakuna ubaya, mradi usilipie zaidi. Mwombe muuzaji aweke ukurasa mweupe mtupu: madoa meusi au mistari itajitokeza. Iache iwake nusu saa mkiongea bei.

Na ukifika nyumbani, ingia kwenye menyu upunguze mwanga wa nyuma mpaka nusu. Televisheni za bei ya chini hutoka kiwandani taa zimesukumwa mpaka juu ili zing'ae dukani, na hicho ndicho kinachounguza zile taa za LED mapema. Ukipunguza, betri inadumu zaidi na taa pia. Zikiungua, fundi wa Bunia anabadilisha ule mkanda wa taa kwa pesa chache. Kioo cha OLED kikiharibika, fundi huyohuyo atakupa pole. Radi ikianza, chomoa pia waya wa dishi, maana mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani na dishi ndilo linaloikaribisha ndani. Hapo ghali na rahisi zinaungua sawasawa.

Anabaki mtu mmoja ambaye siwezi kumkataza kioo kikubwa: mwenye chumba cha video, anayelipwa na kila anayeingia. Yeye inchi 55 itamrudishia pesa. Lakini hata yeye asiende kwenye daraja la juu. Achukue LED ya kawaida, kisha afunike madirisha kwa turubai jeusi, kwa sababu mchana picha inaharibiwa zaidi na jua linaloingia mlangoni kuliko na upungufu wa kioo. Aweke spika nzuri, watu wa nyuma wamsikie mtafsiri. Jenereta aiweke nje, mbali na dirisha, moshi wake unaua. Na pesa itakayobaki, kabla ya Leopards kucheza tena na watu mia kujibana humo, atoboe mlango wa pili.