Wingi Hauzimi Kiu

Msomaji wangu, liko neno ambalo vijana wa Garissa hulisema kwa fahari kila inapotajwa safari ya miguu nyikani: "Sisi ni wenyeji, jua hili ni letu." Husemwa darasani, husemwa uwanjani, na wako hata walimu wanaolikubali. Mimi silikubali. Ujasiri uliomo ndani yake ni wa kuazima, wala halina tone la maji.

Mwenyeji ni nani? Babu yako aliyehamisha ngamia wake katika Jilaal, kiangazi kile kikali cha baina ya Januari na Machi, hakutoka nyumbani kwa kutangaza kuwa jua ni lake. Kwanza alituma mtu atangulie. Wasomali kazi hiyo huiita sahan: mtu mmoja au wawili hutangulia, wakatazama malisho na visima, wakauliza habari za maradhi na za ugomvi, ndipo wakarudi kueleza waliyoyaona. Wazee walisikiliza, wakahoji, wakashauriana. Ngamia wa mizigo alipakiwa vyombo vya maji. Safari ilishika njia wakati wa baridi, na jua lilipofika utosini watu walikaa kivulini. Huo ndio uenyeji. Wewe uliyezaliwa karibu na bomba la maji, ukasoma chini ya paa, ukapanda gari kwenda sokoni, umerithi jina la uenyeji. Elimu yake hutaipata mpaka uende ukaiulize.

Sasa tazama jinsi safari ya darasa inavyotayarishwa. Wanafunzi arobaini wanakubaliana kwenda kwa miguu kuwatazama twiga wa Bour-Algi, nje ya mji. Mchango unatolewa. Mashauri marefu yanahusu picha, soda na nani atatembea karibu na nani. Kuhusu maji, kila mmoja anadhani mwenzake atachukua. Saa ya kuondoka imewekwa kuwa saa kumi na mbili alfajiri, wachelewao wanangojewa, kundi linatoka saa nne, wakati ambao mchungaji mwenye akili anatafuta mgunga wa kukaa chini yake. Wengine wamevaa malapa, na huko njiani iko miiba ya mathenge, itobowayo hata gurudumu la gari. Na mama mwenye hofu anaambiwa: "Usiogope, mama, tuko wengi."

Neno hilo ndilo nilichukialo kuliko yote. Wingi hufaa kuinua gogo na kusukuma lori lililokwama matopeni. Lakini watu arobaini wasio na maji ni kiu arobaini. Mtu atembeaye juani katika joto la nyuzi 36 aweza kutokwa na jasho la lita nzima kwa saa moja. Hesabu safari ya saa nne, kisha itazame ile chupa ya nusu lita uliyoitia mkobani. Tena wingi una hila nyingine, nayo ni mbaya zaidi: katika kundi kila mmoja huona haya kuwa wa kwanza kusema amechoka. Aumwaye kichwa hunyamaza. Apepesukaye hucheka ili asichekwe. Joto la ndani ya mwili likifika nyuzi 40, akili huvurugika: mtu husema ovyo, hukasirika bila sababu, huanguka. Hapo asiambiwe ajikaze. Alazwe kivulini, apunguziwe nguo, amwagiwe maji na kupepewa, na apelekwe hospitali upesi. Lakini maji ya kumwagiwa yatatoka wapi, ikiwa hata ya kunywa hayakuletwa?

Utanijibu kwamba Mto Tana upo. Naam, upo, pamoja na mamba wake na viboko wake, na maji yake hayafai kunywewa kabla ya kuchemshwa.

Wako pia watakaoninong'ona kwamba matayarisho mengi hivi ni mambo ya Wazungu, watu watembeao juu ya theluji. Haya, twende kwenye theluji. Mwaka 1911 makundi mawili yalishindana kuifikia Ncha ya Kusini ya dunia. Roald Amundsen wa Norwei alitoka katika nchi ambayo watu hutelezea theluji kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni, nao huanza utotoni. Nani angekuwa na haki kuliko yeye ya kusema, "Baridi hii ni yangu"? Hata hivyo, kati ya 1903 na 1905 alikaa kaskazini ya Kanada miongoni mwa watu wa kabila la Netsilik, akajifunza kwao kuvaa ngozi kama wavaavyo wao na kuendesha mbwa wavutao mizigo. Alifika Nchani tarehe 14 Desemba 1911, akarudi na wenzake wote hai. Mwingereza Robert Scott alifika tarehe 17 Januari 1912, akiwa na wenzake wanne. Wote watano walikufa njiani wakirudi. Ushujaa hawakukosa, wala umoja. Hewa mbaya nayo iliwaandama, siwezi kuficha hilo. Lakini nikiulizwa nimfuate yupi, sitafikiri mara mbili.

Wala huna haja ya kwenda mbali hivyo. Msomali aliyehamia Minneapolis hatoki nyumbani mwezi wa Januari bila koti zito, glavu na kofia, kwa kuwa anajua yeye ni mgeni wa baridi ile. Aliye hatarini ni huyu aliyebaki, ajidhaniye mwenyeji.

Basi nasema: darasa lisitoke kabla watu wawili pamoja na mwalimu hawajaipita njia ile na kumwuliza mchungaji. Chifu na polisi wapewe habari. Safari isiwekwe katika Ramadhani, wakati wenzetu wengi wamefunga. Aliye mzito wa miguu atembee mbele, wote waufuate mwendo wake, na mwenye nguvu akae nyuma kabisa. Saa ya kurudi ikatwe kabla ya kuondoka, twiga waonekane wasionekane. Na asubuhi ile, kabla ya lango kufunguliwa, mwalimu apite mstarini akiinua kila mkoba kwa mkono wake mwenyewe. Ambaye mkoba wake ni mwepesi abaki shuleni, hata akiwa nahodha wa timu ya mpira, hata akiwa mtoto wa mwalimu.