Uvumilivu wa Mpagazi na Mkimbiaji wa Makamo

Kanyenye leo ni kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, katika nchi ya Unyanyembe ambako misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilipumzika na kugawanyika: mingine ikaelekea Ujiji, mingine Karagwe na Buganda, mingine Katanga. Mtu wa umri wa miaka 45 atokaye hapo alfajiri kwa miguu kuelekea Kwihara, akiwa na nia ya kukimbia siku moja masafa yanayozidi marathoni, anakanyaga ardhi ya watu waliokuwa na elimu kubwa ya mwendo mrefu. Elimu hiyo yafaa irudishwe darasani, kwani kwa muda mrefu imefunikwa na jina lisilo lake.

Jina hilo ni asili. Wasafiri wa Kizungu, na baada yao maofisa wa kikoloni, walipenda kuandika kwamba Mnyamwezi alizaliwa mpagazi. Kwamba mabega yake na miguu yake viliumbwa kwa kazi hiyo. Maelezo hayo yana sura ya sifa, na ndiyo maana hata wenyeji huyarudia kwa fahari. Hata hivyo yana madhara mawili. Kijana anayeyaamini hudhani kwamba uvumilivu ni urithi usiohitaji kufanyiwa kazi. Mtu wa makamo, kwa upande wake, akiona kwamba hakuupata urithi huo ujanani, hudhani kwamba mlango umekwisha kufungwa. Sayansi ya mwili haiungi mkono dhana ya kwanza wala ya pili.

Hata maandishi ya wasafiri hao wenyewe, yakisomwa kwa makini, yanaonyesha mafunzo. Yanaeleza kwamba watoto wa Unyamwezi walizoeshwa kubeba mizigo midogo tangu wadogo, na kwamba kijana hakuhesabiwa kuwa mtu mzima mpaka ameiona pwani. Safari nyingi za Wanyamwezi wenyewe zilipangwa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, ili wasafiri warejee kulima mvua zinapokaribia. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 30. Mwendo ulianza kabla ya jua kuchomoza, na kambi ikapigwa kabla ya joto la mchana kuwa kali. Terekeza, yaani mwendo wa alasiri wa kulivuka pori lisilo na maji, ulifanywa kwa dharura tu, kama katika Mgunda Mkali. Kutoka Tabora hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800. Burton na Speke waliiingia Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, vituo virefu vya njiani vikihesabiwa. Stanley mwaka 1871 alitumia kiasi cha miezi mitatu.

Jambo moja lililoandikwa na Burton linastahili kukumbukwa na kila mwalimu wa michezo. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Mpagazi aliyemtangulia alichomolewa mshale podoni mwake, ili mshale huo umtambulishe mwisho wa mwendo na alipe faini. Ni adhabu ya ajabu kidogo, kumtoza faini mtu kwa sababu ya bidii yake! Lakini waliotunga kanuni hiyo walijua kwamba anayekimbilia mbele asubuhi ndiye atakayesubiriwa na wenzake jioni.

Fiziolojia inaeleza sababu, na mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuikokotoa mwenyewe. Misuli na ini la mtu mzima huhifadhi kiasi cha gramu 400 hadi 500 za glaikojeni, ambayo ni wanga wa akiba. Nguvu yake ni takriban kilokalori 2,000. Kukimbia kunagharimu karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Basi mtu wa kilo 70 hutumia kilokalori 70 kwa kilomita, na kama angetegemea akiba hiyo peke yake ingekwisha karibu na kilomita ya 28. Mashindano ya Comrades ya Afrika Kusini, yaliyoanza mwaka 1921 kati ya Durban na Pietermaritzburg, yana urefu wa karibu kilomita 90, yaani kilokalori 6,300. Pengo hilo huzibwa na chakula cha njiani, na zaidi huzibwa na mafuta ya mwili, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kutosha kwa siku nyingi. Lakini mafuta huunguzwa polepole, nayo yanahitaji oksijeni nyingi. Anayekwenda kasi hulazimika kula akiba ya wanga. Anayekwenda taratibu huiacha idumu. Kirangozi hakujua neno glaikojeni, ila aliilinda.

Kuhusu umri, ukweli usemwe bila kuupamba. Baada ya miaka 30, uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa kiasi cha asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi. Kwa anayedumu katika mazoezi makali, upungufu waweza kuwa karibu nusu ya hapo. Kasi ya juu ya mapigo ya moyo nayo hushuka, na hakuna mazoezi yanayoizuia. Lakini masafa marefu kupita marathoni hayadai kilele cha uwezo. Kumaliza kilomita 90 kwa muda wa saa 12 ni kwenda kilomita saba na nusu kwa saa, mwendo ulio kati ya kutembea kwa haraka na kukimbia polepole. Mwaka 1983 mkulima wa Australia aitwaye Cliff Young, mwenye umri wa miaka 61, alishinda mbio za kilomita 875 kutoka Sydney hadi Melbourne kwa siku 5, saa 15 na dakika 4. Masafa hayo hayapishani sana na yale ya Tabora na pwani. Hakuwa na mbio za kupendeza. Alikokota miguu, akalala kidogo kuliko wenzake.

Ugumu halisi wa mtu wa makamo uko kwingine, na hapa ndipo wengi hujeruhiwa. Moyo, damu na mitokondria za misuli huitikia mazoezi katika majuma machache. Kano na mifupa huchukua miezi mingi, kwa kuwa kano hupata damu haba, na mifupa hubomolewa kwanza kabla ya kujengwa upya. Hivyo mwezi wa tatu mwanafunzi huyu mzee hujiona ana pumzi ya kijana juu ya miguu ambayo bado haijakomaa. Pumzi humdanganya. Programu yake haina budi kufuata kiungo kinachochelewa, si kile kinachowahi. Asiyewahi kukimbia apewe mwaka mmoja na nusu au miwili; aanze kwa kutembea; aongeze masafa kidogo kidogo, na kila juma la nne ayapunguze. Kuna makocha watakaosema mpango huu ni wa kizee. Naam, ni wa mtu wa makamo.

Hata hivyo msafara usigeuzwe kuwa hadithi tamu. Ndui, kuhara damu na njaa viliwaua wapagazi wengi, na waliougua aghalabu waliachwa njiani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ile ilianza kufifia, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikaufufua upagazi kwa kulazimisha, na maelfu kwa maelfu ya wabeba mizigo walifia humo bila kufyatua risasi. Mpagazi aliyelipwa, akapumzika na kula, aliweza kurudi mwaka uliofuata; aliyeswagwa hakurudi. Kwa hiyo ule usemi wa viwanjani kwamba maumivu yapuuzwe hauna mizizi katika njia hii. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au maumivu ya mfupa yanayozidi usiku ni sababu ya kusimama, na mtu aliyepita miaka 40 apimwe shinikizo la damu na moyo kabla ya kuanza, hasa kama ukoo wake una ugonjwa huo.

Kadhalika maji. Kwa miaka mingi wakimbiaji waliambiwa wanywe kadiri wawezavyo, mpaka mwaka 1985 Tim Noakes na wenzake wa Afrika Kusini walipoeleza hali ya wakimbiaji waliougua kwa sababu ya kunywa kupita kiasi: sodiamu ya damu ilishuka, na ubongo ukavimba. Kiu ya mtu mwenye afya ni mwongozo mzuri kuliko amri ya kunywa kila baada ya dakika kadhaa. Kwa joto la Tabora la Oktoba, kabla ya mvua, mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za kulizoea, na hata baada ya hapo saa za alfajiri ndizo zifaazo.

Shule za Tabora zina nafasi ya kuligeuza jambo hili kuwa somo. Mwalimu mmoja wa makamo akikubali kufanya mazoezi, wanafunzi waweze kumwekea daftari kwa majuma 12: masafa ya kila siku, saa za usingizi, na mapigo ya moyo kwa dakika moja asubuhi kabla hajainuka kitandani, ambayo atayahesabu mwenyewe. Wachore grafu. Kwa kawaida mstari wa mapigo utateremka polepole majuma yakipita, kwa kuwa moyo uliozoezwa husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Siku ambayo mstari huo utaruka juu kwa mapigo 8 au 10, mwalimu abaki nyumbani, na apimwe malaria kabla ya kuvaa viatu tena.