Chungu si Pipa

Juu ya pombe ya vijijini tunasikia maneno mawili, na yote mawili tunayakataa. Neno la kwanza husemwa na baadhi ya wazee wa parokia: pombe ni pombe, na mama anayeipika asikaribie Komunyo Takatifu. Neno la pili husemwa na wanywaji: lotoko ni pombe ya mababu, tuachieni mila yetu. Wale wa kwanza wanawaonea wanyonge. Hawa wa pili wanawasingizia marehemu.

Twende Yahuma, kusini ya Mto Kongo, katika mkoa wa Tshopo. Katika nchi ile ya misitu pombe ilikuwa kazi ya nyumba. Wanaume waligema michikichi. Miwa nayo ilikamuliwa. Kilichohifadhi vinywaji hivyo kilikuwa chungu cha udongo. Mfinyanzi aliuponda udongo, akauviringa kama kamba, akaupandisha duara juu ya duara, akaukausha, akauchoma kwa moto wa kuni uwanjani. Hakuwa na gurudumu wala tanuri. Chungu cha namna hiyo huvuja jasho kidogo, na jasho hilo ndilo linalopoza kilichomo. Si kama mitungi ile migumu ya Ulaya, iliyochomwa kwa joto la nyuzi 1,200 na zaidi, ambayo zamani ilitiwa pombe kali ya Uholanzi na kuvushwa bahari kuja Afrika.

Chungu kizee kilithaminiwa kuliko kipya, maana chachu hukaa katika kuta zake. Hivyo bibi alimwachia binti au mkwe wake chungu, na pamoja na chungu alimwachia kazi na desturi zake.

Tazameni sasa hekima ya chungu. Pombe yake haikai. Leo ni tamu, kesho ni kali, keshokutwa ni siki. Basi mwenye nacho hawezi kukificha. Sharti aite watu. Aliwaita waliomsaidia kufyeka shamba, aliwaita arusini, aliwaita matangani. Na nguvu yake ni ndogo: bia za kienyeji za chunguni kwa kawaida zina asilimia chache tu za kileo. Hatusemi wazee hawakulewa. Walilewa, wakagombana, wakaaibika. Lakini chungu kilikuwa na mwisho wake: kikiisha, watu walirudi makwao.

Sasa tazameni pipa. Mahindi hulowekwa mpaka yaote, hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na muhogo, huachwa yachachuke. Kisha hutiwa katika pipa la chuma juu ya moto. Mvuke hupita katika bomba lililozamishwa majini, na tone kwa tone lotoko hushuka. Nguvu yake ni mara nyingi kupita pombe ya chungu. Haigeuki siki. Hujazwa bidoni, hubebwa kwa baiskeli na mtumbwi, huuzwa kwa kikombe asubuhi, mchana na usiku, bila arusi, bila matanga, bila kazi ya shamba. Na pipa lenyewe jana lilibeba nini? Petroli? Dawa ya wadudu? Mnywaji haulizi.

Ninyi mnaosema hii ni mila, tujibuni: babu wa babu zetu alipata wapi pipa la chuma?

Wengine watatuambia kwamba ni Wazungu waliokataza pombe kali, kwa ubaguzi wao. Tusifiche ukweli. Mkutano wa Brussels wa 1890 uliagiza kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika, mahali ambapo pombe kali haijafika, ikatazwe, na mahali ilikofika, itozwe kodi. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ulikataza hata mitambo ya kuitengeneza, lakini ukamwachia mgeni kinywaji alichonyimwa mwenyeji. Huo ulikuwa ubaguzi, nasi hatuutetei. Lakini mwaka uleule wa 1919 Ubelgiji ilitunga sheria ya kuzuia pombe kali isinywewe katika mabaa yake yenyewe, ikaiacha bia. Basi kutenga bia na pombe kali si dharau kwa mtu mweusi. Wabelgiji walijitengea wenyewe.

Na ninyi mnaosema pombe ni pombe, mbona hamwendi kuwafukuza Watrapisti? Watawa wa Westmalle wanauza bia yao tangu karne ya 19. Wale wa Orval wana kiwanda tangu 1931. Wanasali, wanafunga, wanapika bia, na faida inaitunza abasia na kuwasaidia maskini. Ikiwa mtawa wa Ubelgiji aweza kupika bia na kubaki mtawa, mama wa Yahuma hawezi kuhifadhi chungu cha arusi na kubaki Mkristu? Tena tumewaona wanaomkemea mama huyo asubuhi, na jioni wameketi mbele ya chupa za kiwandani, sherehe ya upadrisho imewaka. Je, dhambi huondolewa na kizibo?

Lakini liko jambo zito kuliko hayo. Mama mwenye pipa hatupingi kwa hoja za mila. Anatuonyesha watoto wake. Shule ya msingi ilitangazwa kuwa bure nchini Kongo mwaka 2019, lakini shule ya sekondari ina ada, na daftari, dawa na nguo havipatikani bure. Gunia la mahindi ni zito, na barabara ni matope. Bidoni moja ya lotoko ni nyepesi, na thamani yake hufika sokoni. Huyo mama anajua hesabu vizuri kuliko wanaomhubiria.

Hata hivyo hesabu yake haijakamilika. Ada ya mwanawe inatoka mfukoni mwa baba wa mtoto mwingine. Mtoto mmoja anasoma, na mwingine anarudishwa nyumbani. Kijiji hakikupata kitu. Kimehamisha njaa kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile.

Msitumaini sheria peke yake. Uganda mwaka 1965 ilitunga sheria ya kuwataka watengenezaji wa enguli wauzie kiwanda. Kiwanda kikapata jina, na vijijini mapipa yakaendelea kuchemka. Kenya mwaka 2010 iliiruhusu chang'aa kwa masharti. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye sumu. Askari akivunja pipa leo, kesho lipo lingine.

Basi tufanye nini? Kwanza, lotoko isionekane katika sherehe yoyote ya Kanisa, wala matangani kwetu, wala isiwe malipo ya kazi ya parokia. Hilo halihitaji fedha. Pili, jumuiya zetu zikusanye mahindi, mchele na mafuta ya mawese pamoja, zikodi chombo pamoja, ziuze Kisangani pamoja. Gunia la mtu mmoja halikodi mashua. Magunia ya kijiji hukodi. Tatu, mama asifukuzwe kwanza halafu ndipo asaidiwe. Asaidiwe kwanza, kisha aambiwe ukweli wote juu ya pipa lake.

Kule Kana kulikuwa na mitungi sita ya mawe, na divai ilikuwa imekwisha. Bikira Maria hakuanza kwa kuwakemea wenye arusi. Aliona upungufu wao, akaupeleka kwa Mwanae. Wazee wa parokia, mmeona upungufu wa akina mama wetu? Kama hamjauona, msiseme neno juu ya pombe yao.