Bunduki nzuri, hadithi nusu

Jamani, sina ugomvi na wanaokusanya bunduki kuukuu za kuwindia za Waingereza. Kuitunza Rigby ya miaka mia na kuilengea shabaha ni ufundi. Ugomvi wangu ni hadithi zao. W.D.M. Bell, aliyeitwa “Karamojo” kwa ajili ya Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa .275 Rigby. Wanasifu shabaha yake. Pembe alizouza hawazitaji. Hata huo Uingereza ni nusu: mtambo wa kukoki ni Mauser, wa Ujerumani!

Mtasema zama zile ziliruhusu. Sawa. Ila hivi, mwanakijiji akiua tembo mmoja leo ni jangili, Bell ni gwiji? Tunzeni bunduki, lakini na pembe zihesabiwe.