Wanagenzi wa Injili na Siku Moja ya Msituni

Wako wazee wa kanisa, watu wa nia njema na ikhlasi, ambao wakisikia kwamba wanagenzi wa misheni, yaani vijana waliokuja kwa miezi michache kujifunza kazi ya Injili, wametumia siku nzima kupanda milima na kupenya misituni, hutikisa vichwa wakasema kuwa hiyo ni anasa, na kwamba sadaka ya wajane haikukusanywa ili vijana watembezwe kama watalii. Neno hilo si la kupuuzwa, kwa maana ziko safari ambazo hazina faida ila mzaha na picha. Lakini siku ya msituni, ikiendeshwa kwa adabu yake, ni sehemu ya darasa lenyewe, tena ni ile sehemu ambayo mwalimu mwenye ubao na chaki hawezi kuifundisha.

Natuutazame msitu wa Amani, katika Usambara ya Mashariki, mkoani Tanga. Milima ya Usambara si migeni kwa wahubiri: mwaka 1848 mmisionari Krapf alifika Vuga kwa Kimweri, mtawala wa Washambaa, na baadaye wamisionari wa UMCA, chama cha misheni cha Kianglikana, wakaweka kituo chao Magila, karibu na Muheza, chini ya milima hiyo. Kijana anayepanda leo kutoka Muheza huiacha nyuma michungwa na joto la tambarare, akaingia mahali ambapo mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, ambapo njia ni utelezi na mizizi, na jua la saa sita hufika chini likiwa limekwisha kuchujwa na majani. Hapo elimu yake yote aliyokuja nayo haimfai kitu. Hajui jiwe lipi linateleza, wala mti upi una miiba, wala siafu wamekatiza wapi. Ajuaye ni mzee wa Kishambaa aliyetangulia na panga mkononi, ambaye pengine hakusoma madarasa mengi, na ambaye Jumapili iliyopita aliketi kimya katika viti vya nyuma akimsikiliza kijana huyohuyo akihubiri. Sasa mhubiri amekuwa mwanafunzi, naye msikilizaji amekuwa mwalimu; na kila atakaye kuwahudumia watu sharti kwanza akubali kuongozwa nao.

Jambo hili si geni. Mmisionari Rebmann, mwenzake Krapf, aliyetoka Rabai bila silaha ila mwavuli wake, akauona mlima wa Kilimanjaro na theluji yake mwezi wa Mei 1848, hakufika huko kwa akili yake peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili wa pwani aliyezijua njia na tabia za wenyeji. Sifa ya safari ile vitabu vimempa mgeni, lakini mwenye insafu hataisahau miguu iliyotangulia.

Fauka ya hayo, msitu wa Amani una mawaidha mawili ambayo mwanagenzi hawezi kuyapuuza. La kwanza ni lile ua dogo la zambarau liotalo penye majabali yenye kivuli, ambalo mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka kwao mbegu zake, nalo likaenea madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Kijana aliyelikuta nyumbani kwa bibi yake, akadhani ni ua la kwao, hulikuta hapa likiwa kwake hasa, akatambua kwamba nchi aliyodhani amekuja kuipa ilikwisha kumpa zamani. La pili ni mti wa Maesopsis, ulioletwa milimani na wageni kwa nia njema ya kupata miti ikuayo upesi. Hondohondo wakala matunda yake, wakazitawanya mbegu, na penye misitu iliyokatwa mti huo ukaisonga miti ya asili. Basi kila mwenye kupanda, hata mpanzi wa Neno, aulize kwanza katika ardhi hiyo mnaota nini tayari.

Ama ushirika, huo huzaliwa penye jasho. Watu waliosali pamoja mwezi mzima hubakia wageni kwa staha, lakini waliovushana mto kwa kushikana mikono, wakagawana mihogo ya kuchemsha na chai ya hiliki katika chungu kimoja, hawarudi walivyokuja. Injili zenyewe zatueleza kwamba Bwana aliwaita mitume wake, waliporudi kazini wamechoka, waende naye faraghani mahali pasipo watu. Nao walikwenda kwa pamoja.

Lakini faida hizi zina masharti. Kiongozi awe mwenyeji, atiiwe, tena alipwe ijara yake kamili, si kushukuriwa kwa maneno matupu. Ruhusa iombwe na ada ya hifadhi ilipwe. Kila mmoja, mgeni kwa mwenyeji, abebe mzigo wake, asiwepo wa kubebewa. Chakula kiwe kile kile kwa wote. Kamera ikae mfukoni mpaka watu waulizwe. Pasiachwe taka wala tawi lililovunjwa bure, maadamu maji ya mto Zigi, unaotoka katika milima hii, ndiyo yanayonywewa na watu wa mji wa Tanga, na anayeuchafua msitu amemchafulia jirani kisima.

Kwa hiyo nawasihi ninyi mnaosimamia mafunzo ya vijana: msiifute siku hii katika ratiba zenu kwa kuona haya mbele ya wenye kulaumu, wala msiiache iwe matembezi ya ovyo. Iwekeni mapema, kabla kijana hajapewa mimbari, ili ajue kufuata kabla ya kuongoza. Nanyi vijana, mtakapotumwa, mtafuteni kwanza mzee anayezijua njia, mpeni shikamoo yake, kisha mwende nyuma yake.