Likizo ya Desemba: Tusiwapite Wazee Wetu

Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka na upepo wa kaskazi kuanza kuvuma, mabasi ya kutoka Mombasa kuelekea Malindi hujaa pomoni. Safari hiyo ya kilomita 120 hivi haina taabu ya zamani. Tangu daraja la Kilifi lifunguliwe mwaka wa 1991, hakuna tena kungoja feri kwenye kivuko kile.

La kusikitisha ni kwamba baadhi ya wasafiri hao hukomea Malindi mjini, wakahesabu kuwa wamefika nyumbani. Kakuyuni, iliyo upande wa bara, hupelekewa salamu tu. Babu na nyanya hubaki wakitazama njia huku maembe yakiiva na kuanguka.

Jambo hili si dogo. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wamesingiziwa uchawi na hata kuuawa, mara nyingi kwa sababu ya ugomvi wa ardhi. Kaya Godoma, huko Ganze, imekuwa kimbilio la walionusurika. Mzee asiyejulikana na wajukuu wake ni rahisi kuzuliwa mabaya. Bali yule aliyeketi nao uani jioni, akawasimulia asili yao kwa Kigiriama, ana mashahidi wa kumtetea.

Twawasihi walimu wawaagize wanafunzi warudi Januari na habari walizozipata vinywani mwa wazee wao. Wazazi nao watenge nauli ya kipande hicho kilichobaki. Mwacha asili ni mtumwa, nasi hatutaki kulea watumwa.