Injini Haiuzwi kwa Kilo

Jumatatu jioni mse mmoja alinitumia picha. Nissan Vanette ya zamani imelala kwenye uwanja wa skrepa hapa Malindi. Vioo hakuna, viti hakuna, lakini injini iko ndani. Nikaikuza ile picha mpaka nikaona vile manifoldi imekaa. A15. Jumanne saa mbili asubuhi nishafika, funguo namba 14 mfukoni, pesa ya kubahatisha kwenye simu.

Nilikua nishachelewa. Bloki ilikua imepigwa nyundo, vipande vitatu, ndo ikae vizuri kwenye mizani. Hedi imetupwa kando na sufuria zilizotoboka manake aluminiamu ina bei yake. Mwenye uwanja akaniangalia akaniuliza, "Kijana, kwani hii ilikua na maana?"

Sikumjibu. Sasa najibu.

Wanaonifuata wanaijua ile pikapu ya babu, Datsun 1200. Babu alikua akibebea nazi kwenda Mombasa enzi za feri ya Kilifi, kabla daraja halijafunguliwa 1991. Nikiweka video yake tu, nusu ya mnaoandika mnasema kitu kimoja: toa hilo dude, weka injini ya Probox. Na kwa heshima zote, wanangu, wengi wenu hamjawahi kuinama chini ya Datsun.

Injini ya Probox inakaa kingamo na inavuta tairi za mbele. Ya Datsun inakaa kwa urefu na inasukuma za nyuma. Kwa hivyo hununui injini peke yake. Unanunua na giaboksi nyingine, unachomelea maunti mpya, unatengeneza shafti ya kuzunguka mpaka nyuma, unaweka pampu ya petroli ya umeme, halafu unatafuta mtu wa kuzielewa zile waya zote na kompyuta yake. Nimeona miradi miwili ya hivyo Kilifi. Yote miwili sasa kuku wanatagia ndani. Sisemi haiwezekani, nasema pesa itakuishia ukiwa katikati, na gari lililokua likitembea litakua halitembei.

Wakati huohuo ndugu wa injini uliyo nayo anakatwa kwa nyundo hapo mtaani.

Hebu tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Injini ya Datsun 1200 inaitwa A12. Silinda ina upana wa milimita 73 na pistoni inatembea milimita 70, zikiwa nne unapata cc 1171. Watu wengi wakitaka nguvu wanapeleka bloki kubowa. Haya, bowa milimita moja nzima, uwe na 74. Unapata cc 1204. Umelipa fundi, umenunua pistoni na ringi za ovasaizi, umeongeza cc 33. Hata soda ni nyingi kuliko hiyo. Kama silinda zimechakaa, bowa, ndo dawa yake. Lakini usiniambie umetafuta nguvu.

Sasa A15. Upana 76, mwendo wa pistoni 82, jumla cc 1488. Hiyo ni zaidi ya robo juu ya uliyokua nayo, na ni ukoo uleule, inashika giaboksi yako kwa bolti zilezile. Bloki yake ni ndefu kidogo kwenda juu, kwa hivyo bomba la ekzosi litataka kukatwa na kuungwa upya. Ile ya Vanette inakuja na sampu isiyokubali kwenye pikapu, unahamisha sampu yako na bomba lake la kunyonya oili. Hayo ni mambo ya wikendi mbili na fundi mwenye akili. Na kuna A14, cc 1397, ya katikati, nayo ni nzuri sana.

Hizi injini zilikua zimejaa. Nissan waliziweka kwenye Sunny, kwenye Vanette, hata kwenye folklifti ndogo. Na hapa nawapa siri niliyoipata kwa kuaibika dukani: ukienda kwa muuza spea ukasema "Datsun 1200", atakucheka. Muulize vitu vya Nissan 1400, ile pikapu ndogo ya Afrika Kusini. Kule waliendelea kuiunda mpaka 2008, na ndani yake ni A14. Gasketi, beringi, pistoni, pampu ya maji, zote bado zinazunguka, na mwenye jamaa Durban au Johannesburg ana bahati kuliko mwenye jamaa Dubai. Mimi seti ya gasketi niliipata hivyo, nikaletewa ndani ya begi la nguo.

Kabla ya yote lakini, pima. Azima geji ya kompresheni, toa plagi zote nne, piga stata, andika namba ya kila silinda. Ile iliyo chini, imwagie kijiko cha oili ndani upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, shida iko kwenye valvu au gasketi. Dakika 20 tu. Nimeona mtu ameagiza kabureta mbili za nje kwa injini ambayo silinda ya tatu ilikua imekufa kitambo.

Halafu kompresheni yenyewe. Kuna kaugonjwa ka kuskimu hedi, kila mtu anataka "ikatwe ishuke". Ukihamia A15 hata huhitaji. Chukua hesabu hii: silinda moja ya A12 ni cc 293, na kama nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni kama cc 37, uko 9 kwa 1. Nafasi hiyohiyo ukiiweka juu ya silinda ya A15, ambayo ni cc 372, umeruka mpaka 11 kwa 1, bila kukata chochote. Kwa petroli yetu na jua letu hiyo injini itagonga kama mwizi wa mlango. Kwa hivyo nunua bomba la sindano duka la dawa, geuza hedi, jaza oili kwenye kile kibakuli, uhesabu cc. Ongeza unene wa gasketi na shimo la juu ya pistoni. Mimi nalenga jumla ya 44 au 45, inanipa kama 9.4. Fundi wangu wa Kilifi, mzee wa miaka mingi kwenye hiyo kazi, aliponiona na sindano alinicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza naweza kumpimia na ya Pijo 504 ya mteja.

Sasa mambo ya kwetu, ambayo huyapati kwa video za watu wa Australia.

La kwanza ni hewa. Nairobi iko juu, kama mita 1,700, na hewa yake ni nyembamba kwa kama asilimia 15 kuliko hapa baharini. Kabureta iliyopangwa Nairobi imewekewa jeti za kunyima petroli, manake hewa yenyewe ni kidogo. Ukiileta Malindi, hewa ni nzito, petroli ni ileile kidogo, injini inachoma ikiwa na njaa. Inapanda moto, inagonga, inatoboa pistoni, na wewe unasema Datsun ni mbovu. Nunua kabureta popote, lakini ikifika huku ongeza jeti kubwa, tembea nayo mpaka Gede na kurudi, toa plagi uangalie rangi. Nyeupe kama chaki, bado ina njaa. Nyeusi ya masizi, umezidisha. Rangi ya kahawia, uko sawa. Uzuri wake ni kwamba hewa hii nzito ni nguvu ya bure. Injini ileile inavuta zaidi Malindi kuliko Nairobi, na hakuna aliyekuuzia.

La pili ni chumvi, na hapa nina uchungu. Maji ya kisima ya huku mengi yana chumvi, mnajua wenyewe, hata chai haikubali. Na ndo maji tunayomwaga kwenye rejeta. Hedi ni aluminiamu, bloki ni chuma, katikati maji ya chumvi: hiyo ni betri umejitengenezea, na kinacholiwa ni aluminiamu. Hedi ya kwanza ya babu tulipoifungua, njia za maji zilikua zimekulwa mpaka ukingo wa gasketi, kama jino bovu. Haikuskimika. Miaka yote watu walikua wanasema "inachemsha sababu ni ya zamani". Inachemsha sababu tuliinywesha bahari. Weka kulanti, au walau maji ya mvua, na usikubali mtu aitoe themostati ati ndo ipoe. Rejeta safi kwanza, nguvu baadaye. Na breki pia, bana. Pikapu yangu ina drami mbele na nyuma. Kabla hujaiongezea robo ya injini hakikisha inasimama, kuna ng'ombe Matsangoni.

Ekzosi la kelele silizungumzii. Ukitaka tuktuk zikupishe, piga honi.

Turudi kwa ile nyundo.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna zingine zinazokuja. Kenya gari la mitumba halipaswi kuzidi miaka minane likiingia bandarini. Sheria nzuri tu, sina ugomvi nayo. Lakini maana yake ni kwamba Vanette, Sunny na Datsun 1200 zilizobaki ni hizi zilizolala chini ya miembe, kuanzia Mtwapa mpaka Marafa, na kila wiki zinapungua. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya skrepa nchi nzima baada ya watu kuiba vyuma vya minara ya stima. Miezi michache baadaye ikafunguliwa, na mikokoteni ikarudi.

Na mimi siwalaumu wale vijana wa mikokoteni. Nimesoma na baadhi yao. Mtu ameamka hana kitu, shangazi amemwambia aondoe lile gofu uani, analiondoa. Kwa mizani, A15 na nguzo ya geti ni kitu kimoja. Shida ni sisi tunaojiita wapenzi wa magari. Tunajua kuchangia laiki, hatujui kwenda uwanjani kusema: ndugu, ukiona injini imeandikwa A12, A14 ama A15, usiivunje, nipigie, nitakulipa juu ya bei ya kilo. Baada ya ile Jumanne nilizunguka nyanja nne, Malindi na Kilifi, nikiacha namba na picha ya mahali herufi zinapochongwa kwenye bloki. Wawili walinicheka. Mmoja aliniuliza nalipa ngapi juu. Tukaelewana palepale, na makubaliano ni kwamba naona logibuku au barua ya mwenye gari kabla sijatoa pesa. Msiruke hii. Injini ya wizi itakufikisha kituoni, na hata ile halali ukishaifunga lazima upeleke namba yake mpya NTSA ibadilishwe kwenye kumbukumbu.

Kuna watakaosema yote haya ni mapenzi ya vitu vya wazee. Sawa. Lakini 1965 Joginder Singh alishinda Safari Rally kwa Volvo ambayo ilikua imeshatumika na wengine, mitumba kabisa, na alikua fundi aliyejua kilicho ndani yake. Shekhar Mehta akashinda mara tano, 1973 na kisha minne mfululizo kuanzia 1979, zote kwa gari za Datsun na Nissan. Hizo hazikua A12, najua, msinirukie. Nasema tu kwamba nchi hii watu walikua wanafungua injini na kuifunga ikiwa bora kuliko ilivyotoka kiwandani, na walitumia vipimo. Fundi wangu wa Kilifi hana mwanafunzi. Vijana wote wa karakana yake wanataka kujifunza kompyuta za magari mapya, na siwezi kuwakataza, ndiko pesa iliko. Juzi aliniambia, "Mwanangu, njoo na hiyo sindano yako Jumamosi, nikuonyeshe kupanga valvu kwa masikio." Nitaenda. Nitarekodi pia, kama atakubali, manake kamera haipendi.

Alhamisi iliyopita yule jamaa wa uwanja wa tatu alinipigia. A14, ya Sunny, imejaa kutu nje lakini krankshafti inazunguka kwa mkono. Logibuku iko. Nimeilipia, iko kwenye tuktuk inakuja Kilifi, dereva analalamika uzito. Hedi ndo haina.

Kwa hivyo, kama kuna Sunny au Vanette ya zamani imelala uani kwenu, ya babu, ya ami, ya jirani aliyehamia Nairobi, piga picha upande wa manifoldi unitumie leo. Kuna mkokoteni nimeuona ukielekea Watamu asubuhi hii.